Siku kina mama wanne wa Same walipokwenda Arusha kutazama vinyago

Kopo lilikuwa la biskuti, na lilikaa juu ya kabati nyumbani kwa muuza vitenge mmoja wa Same mjini. Kila Jumapili mchana, kikao cha kikoba kilipomalizika, wanawake wanne walibaki nyuma na kila mmoja akatumbukiza Sh2,000. Fedha hizo hazikuwa za kukopeshana, hazikuwa za ada wala za mbolea. Zilikuwa za kutembea.

Wanne hao walifahamiana miaka tisa iliyopita kwenye benchi la kliniki, kila mmoja akiwa na mimba ya kwanza. Mmoja anauza vitenge sokoni, wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi, wa tatu ni muuguzi, na wa nne alikuwa akiuza uji na maandazi karibu na stendi mpaka alipojifungua mtoto wake wa tatu. Majina yao hayatajwi hapa kwa sababu ya yaliyompata huyo wa nne.

Baada ya wiki 24, kopo lilikuwa na Sh192,000. Mabishano yakaanza. Muuza vitenge alitaka Moshi, wakanunue vitu vya ndani. Muuguzi alitaka chemchemi ya Chemka, wakaogelee. Mwalimu alitaka Arusha, kwenye kituo cha sanaa cha Cultural Heritage kilichopo barabara ya kwenda Dodoma.

"Kila mwaka nawafundisha watoto kuchora," aliwaambia wenzake, "na mimi mwenyewe sijawahi kuingia mahali ambapo picha imetundikwa ili itazamwe. Twendeni mara moja tu, mwakani mtachagua nyie."

Wakakubali. Aliyekuwa hasemi lolote ni yule wa nne. Tangu ajifungue, miezi mitano iliyopita, hakuwa amehudhuria kikao hata kimoja. Kila Jumapili alimtuma binti yake mkubwa na noti mbili za elfu moja. Fedha ilifika, mwenyewe hakufika. Wenzake walijua sababu, au walidhani wanaijua: ana mtoto mchanga, amechoka.

"Kwani hapa umekosa nini?"

Siku tatu kabla ya safari, mama huyo alituma ujumbe wa simu: "Nendeni tu, mtanisimulia." Jioni hiyo muuguzi alipita nyumbani kwake. Alikuta nyumba safi, watoto wawili wakubwa wanafanya kazi za shule, mchanga analia kwenye mkeka na mama yake amekaa hatua mbili kutoka hapo, anautazama ukuta.

"Hatuendi bila wewe," muuguzi alimwambia huku akimwinua mtoto. "Nauli yako umeilipa kwa wiki 24. Na huyu mdogo tunakwenda naye."

Mama mkwe, aliyekuja kutoka milimani kusaidia malezi, hakufurahishwa. "Mkwe wangu, mtoto hajatimiza nusu mwaka, unampeleka kwenye vumbi la barabara mkatazame vinyago? Kwani hapa umekosa nini?"

Aliyejibu ni mume, fundi wa pikipiki, ambaye kwa kawaida haingilii mazungumzo ya mama yake na mke wake. "Mama, mwache aende. Hawa wawili nitabaki nao mimi."

Baadaye alimweleza muuguzi kwa nini alisema vile. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiamka usiku wa manane na kukuta upande wa pili wa kitanda mtupu. Mke wake alikuwa nje, amekaa kwenye ngazi za mlango, mikono mitupu, na mtoto amelala ndani. Alimuuliza mara moja, akajibiwa ni joto. Hakuuliza tena, kwa kuwa hakujua swali la pili liwe lipi.

Kutoka Same mpaka Arusha

Waliondoka saa 11 alfajiri kwa Coaster ya Moshi. Barabara ya kwenda kaskazini hupita chini ya Milima ya Upare, milima ikiwa kulia na tambarare kavu ya miiba na mkonge ikiwa kushoto. Baada ya Mwanga kulikucha, na Kilimanjaro ikajitokeza mbele ya kioo. Muuza vitenge alikuwa na chupa ya chai ya tangawizi ya Mamba Miamba, akawagawia mpaka abiria wa siti ya nyuma.

Moshi walibadilisha gari. Ilipofika saa nne kasoro walikuwa Arusha, na dakika chache baadaye daladala ikawashusha mbele ya jengo ambalo watoto wa mwalimu wangelichora kwa furaha. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1994, na jengo lake la maonesho lilibuniwa kwa kufuata maumbo ya ngoma, ngao na mkuki pamoja na kilele cha Uhuru. Ndani hakuna haja ya kuhangaika na ngazi. Kuna njia inayozunguka na kupanda taratibu huku kuta zikiwa zimejaa picha, vinyago, vyungu na ngao kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Hata mama mwenye mtoto mgongoni anapita bila shida.

Mwalimu alikuwa amewaandalia mchezo. "Tusikimbilie kupiga picha za kutuma kwenye magrupu," alisema. "Kila mtu atembee polepole, achague kitu kimoja kinachofanana naye leo. Halafu atuambie kwa nini."

Muuza vitenge hakupata taabu. Alisimama mbele ya picha ya Tingatinga yenye chui wa madoadoa, macho makubwa. "Mimi huyu. Anatazama huku na huku kama mimi siku ya gulio, mteja asitoroke na mwizi asipite."

Mwalimu akawaeleza habari za mtu aliyeuachia mtindo huo jina lake. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya ubao laini wa dari kwa rangi za kupakia baiskeli. Hakuwa amesomea sanaa. Miaka minne baadaye, mwaka 1972, aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Wanafunzi wake waliendelea, na leo picha za aina hiyo zinauzwa duniani kote.

Mtoto wa miezi mitano, akiwa mgongoni kwa muuguzi wakati huo, alikodolea macho rangi hizo mpaka wakacheka. Katika umri huo mtoto tayari huziona rangi vizuri, na vitu vyenye rangi kali na mistari iliyo wazi humvuta.

Muuguzi alichagua ngoma. "Kila anayepita anaigonga," alisema, na wenzake hawakuhitaji maelezo zaidi. Mwalimu akachagua chungu kikubwa chenye mdomo mwembamba, akasema kinaingiza mengi na kutoa kidogo.

Alibaki mmoja.

Yule wa chini

Walimkuta amesimama mbele ya kinyago kirefu cha mpingo, cha aina ambayo Watanzania wengi hukiita ujamaa. Ni watu wengi waliopandana na kushikana kutoka chini mpaka juu, wote wamechongwa kwenye gogo moja. Mtindo huo ni wa Wamakonde, na mchongaji anayetajwa sana kuuanzisha ni Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji na kufanya kazi yake Tanganyika kuanzia miaka ya 1950. Kwa kawaida husifiwa kama alama ya umoja: kila mmoja anamshikilia mwenzake, hakuna anayeanguka.

"Umechagua hiki?" mwalimu aliuliza.

"Huyu wa chini," alisema, akainama kumwonyesha. "Watu wanawasifia waliopanda juu. Huyu wa chini hata uso wake hauonekani vizuri. Ndiye mimi."

Muuza vitenge alianza kucheka, akidhani ni utani kama wake wa chui. Kisha akaona mabega ya mwenzake yanatetemeka.

Muuguzi alimkabidhi mwalimu mtoto, akamshika rafiki yake mkono wakatoka nje, kwenye kivuli. Hakumwambia anyamaze. Hakumwambia amshukuru Mungu kwamba mtoto ni mzima. Hakumkumbusha kuwa kuna wanaolia kwa kukosa hata huyo mmoja. Aliuliza maneno mawili tu.

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto ana wiki mbili."

Kilichofuata kilichukua karibu saa nzima. Usingizi haukuja hata mtoto alipolala. Chakula kilikuwa kama majani makavu mdomoni. Akimsikia mtoto analia alijua anapaswa kuinuka, lakini mwili haukukubali, kisha akajichukia kwa hilo siku nzima. Alikuwa ameanza kuamini kuwa watoto wake wangelelewa vizuri zaidi na mtu mwingine yeyote.

Muuguzi akauliza swali ambalo watu wengi huliogopa. "Umewahi kufikiria kujidhuru, au kumdhuru mtoto?"

Mama alikaa kimya kwanza. "Mtoto, hapana. Mimi kujidhuru, hapana. Ila kuna usiku nimetamani kusikuche."

"Asante kwa kuniambia," muuguzi alisema. "Huu ni ugonjwa. Una jina na una tiba. Jumatatu tunakwenda hospitali, mimi na wewe."

Huzuni ya siku chache au sonona?

Mama akijifungua, mabadiliko ya homoni, maumivu na kukosa usingizi huweza kumfanya alie bila sababu, akasirike haraka au awe na wasiwasi. Hali hiyo huanza siku mbili au tatu baada ya kujifungua, huwapata wanawake wengi sana, na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Anachohitaji ni chakula, usingizi na watu wa kumsaidia.

Sonona ni kitu kingine. Inaweza kuanza wakati wa ujauzito au wakati wowote katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Dalili zake ni hizi zikidumu zaidi ya wiki mbili:

- huzuni au utupu karibu kila siku, au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda;
- kukosa usingizi hata anapopata nafasi ya kulala, au kulala kupita kiasi;
- kukosa hamu ya chakula, mwili kuishiwa nguvu;
- kujilaumu na kujiona hafai kuwa mama;
- kumwona mtoto kama si wake, au kuogopa kubaki naye peke yake;
- kujitenga na ndugu na marafiki;
- mawazo ya kifo au ya kujidhuru.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa duniani kote karibu asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni hupata tatizo la afya ya akili, na kubwa zaidi ni sonona. Katika nchi zinazoendelea viwango viko juu: asilimia 15.6 wakati wa ujauzito na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Kwa lugha rahisi, kwenye benchi la kliniki lililokaliwa na kina mama kumi wenye watoto wachanga, wawili huenda wanaumwa na hakuna anayejua.

Hawajulikani kwa sababu mtoto ndiye anayepelekwa kupimwa. Kila mwezi anawekwa kwenye mzani, uzito unaandikwa kwenye kadi, chanjo inahesabiwa. Mama ndiye mbebaji. Akiulizwa hali, hujibu "nzuri", kama anavyojibu kila mtu barabarani.

Kuna hofu kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua ni kumpa wazo. Si kweli. Wataalamu wa afya ya akili wanashauri kuuliza waziwazi na kwa upole, kwa kuwa swali humpunguzia mtu upweke na humfungulia njia ya kusema.

Ikiwa mama aliyejifungua karibuni anaona au anasikia vitu ambavyo wengine hawavioni, anaongea mambo yasiyoeleweka, halali kabisa au ana nia ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura. Asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, si kesho, na si kwanza kwa mganga.

Je, kinyago kilimponya?

Hapana. Ni muhimu kulisema hili, kwa kuwa siku hizi mitandaoni kila kitu kinaitwa tiba. Kinyago hakitibu sonona, wala safari ya Arusha haitibu. Ila kuna ushahidi unaozidi kukua kwamba sanaa ina nafasi katika afya.

Mwaka 2019 ofisi ya WHO ya Kanda ya Ulaya ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, kuanzia kuimba na kucheza mpaka kutazama picha. Ilionyesha kuwa sanaa inaweza kusaidia kukinga baadhi ya matatizo ya kiafya na kumsaidia mgonjwa sambamba na matibabu yake. Mwaka huohuo jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea kwa miaka 14. Waliokwenda makumbusho, maonesho ya sanaa au tamasha mara moja au mbili kwa mwaka walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki kwa asilimia 14 kuliko wasiokwenda kabisa, na waliokwenda kila baada ya miezi michache kwa asilimia 31. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kuwa sanaa ndiyo iliyorefusha maisha, lakini tofauti ilibaki hata baada ya kuzingatia kipato, elimu na magonjwa.

Utafiti unaowahusu zaidi kina mama ulichapishwa mwaka 2018. Wanawake 134 wa London wenye dalili za sonona baada ya kujifungua waligawanywa katika makundi matatu: moja liliimba pamoja na watoto wao kwa wiki kumi, la pili lilicheza michezo ya ubunifu na watoto, na la tatu liliendelea na huduma ya kawaida. Miongoni mwa waliokuwa na dalili kubwa, walioimba walipata nafuu haraka zaidi. Mwaka huohuo, jijini Montreal, Kanada, chama cha madaktari kilikubaliana na jumba la sanaa la jiji hilo ili daktari aweze kumwandikia mgonjwa cheti cha kutembelea maonesho bure.

Kwa mama huyu wa Same, kinyago kilimpa njia ya kusema. Kwa miezi mitano aliulizwa "hujambo" na akajibu "sijambo". Siku ile hakuulizwa kuhusu yeye. Aliulizwa kuhusu kipande cha mpingo, na ilikuwa rahisi kumwonyesha mtu wa chini kwa kidole kuliko kusema "mimi naumwa". Na alipomwonyesha, alikuwa na marafiki watatu waliosimama na kumsikiliza.

Jumatatu

Walirudi Same saa mbili usiku. Baba wa nyumba alikuwa amepika makande, maharage hayajaiva sawasawa, na watoto walikuwa wameyala hivyohivyo bila kulalamika. Usiku huo mama alimweleza mume wake yote. Yeye akasema alikuwa akimwona kwenye ngazi za mlango kila usiku na hakujua la kufanya.

Jumatatu alikwenda hospitali na rafiki yake. Alisikilizwa, akapimwa damu kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta dalili zinazofanana, kisha akaanza ushauri nasaha na dawa. Wengi huacha hapa wakiogopa kwamba dawa itamdhuru mtoto anayenyonya. Zipo dawa za sonona ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia chini ya uangalizi wa daktari, na haifai kuzikatiza mwenyewe unapoanza kujisikia vizuri.

Haikuwa miujiza. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Mwezi wa kwanza kulikuwa na siku mbaya. Mwalimu alikuwa akipita Jumatano jioni kumchukua mtoto kwa saa moja ili mama alale. Muuza vitenge alileta mboga, akaosha vyombo bila kuombwa. Wiki ya sita mama alimwambia muuguzi kwamba amesikia njaa, njaa ya kweli, ya kutamani chakula.

Kama nanyi mnapanga siku yenu

Si lazima iwe Arusha, na si lazima iwe gharama. Haya ndiyo wanayoshauri wanne hao:

Anzeni na kopo. Kiasi kidogo kila wiki, kisichoguswa kwa jambo lingine. Fedha ya kutembea ikichanganywa na ya ada, ada itashinda siku zote.

Anayesema "nendeni tu" ndiye wa kufuatwa nyumbani. Anaweza kuwa amechoka kweli, lakini mwendeeni mumwone kwa macho.

Mtoto anayenyonya aende na mama yake. Chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake. Bebeni kanga za ziada na kofia, na pokezaneni kumbeba ili mama atembee walau nusu saa mikono mitupu.

Baba abaki na wakubwa kwa siku hiyo. Halafu na yeye apewe siku yake na rafiki zake. Sonona huwapata kina baba pia, na wao ni wagumu zaidi kusema.

Msitazame kila kitu. Chagueni vichache, simameni, ulizaneni: kipi kinafanana na wewe leo? Hata watoto wanaupenda mchezo huu.

Tumieni kilicho karibu. Wa Dar es Salaam wana Makumbusho ya Taifa, Nafasi Art Space na wachoraji wa Tingatinga wa Oysterbay. Wa Pwani wana Bagamoyo na chuo chake cha sanaa. Wa Same na Mwanga wana milima yao. Ugweno ilisifika tangu zamani kwa wahunzi wake, na ufinyanzi wa wanawake wa Upare bado una watu wanaoufahamu. Jumapili moja kwa fundi wa vyungu nayo ni maonesho.

Mkiona dalili zilizotajwa hapo juu, nendeni kituo cha afya kilicho karibu. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Chungu hugongwa

Mama mkwe alichukua muda kukubali kuwa sonona ni ugonjwa. Kizazi chake kilizaa watoto wengi kuliko hiki na hakikwenda hospitali kwa ajili ya huzuni.

Jioni moja, wanachambua maharage ya makande, alimuuliza mkwe wake ni nini hasa alichokiona Arusha. Akasimuliwa habari za chui, za ngoma, na za mtu wa chini. Alipotajiwa chungu cha mwalimu, alisimamisha mikono. Yeye amekulia kwenye nyumba ya wafinyanzi, kaskazini mwa Upare.

"Sisi hatukwenda kuchimba udongo peke yetu," alisema. "Tulikwenda wengi, kama msaragambo. Aliyejifungua akitoka ndani, safari yake ya kwanza ni ile. Hachimbi, anakaa tu na mtoto wake, anasema na sisi tunasema. Jioni tunarudi." Alifikiri kidogo. "Wewe hapa mjini nilikukuta na mlango umefungwa, nikasema mkwe wangu ametulia."

Kisha akaeleza namna wanavyokagua chungu kikitoka motoni. Ufa wa ndani hauonekani kwa macho. Unakigonga kwa kidole na kusikiliza. Kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti nzito, iliyokufa.

"Mimi nilikutazama tu," alisema. "Sikukugonga."

Kopo la biskuti bado liko juu ya kabati. Safari ijayo ni zamu ya muuguzi, na Chemka imeshapita bila mabishano. Kilichobadilika ni hesabu ya kila Jumapili, ambayo si Sh8,000 tena. Imekuwa Sh10,000, kwa kuwa kuna bibi mmoja aliyesema haogelei, lakini atakaa pembeni na mtoto.